Asmini za Kipupwe na Jinsi ya Kuzipata

Na Mwalimu wa Bustani ya Shule

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mti mmoja unaofaa kupandwa nyumbani. Yamkini wengi watadhani nitaandika juu ya mwembe au mnazi, maana ndiyo miti inayojulikana sana hapa Bagamoyo. Mimi nimechagua mti mdogo usiotoa tunda wala kuni, nao ni mwasmini. Nimeuchagua kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilikaribia kuua mwasmini wa bibi yangu, na kwa kosa lile nikajifunza mambo mengi. Basi nataka wanafunzi na wazazi wapate faida ya kosa langu bila ya kulipia gharama yake.

Mti wenyewe

Mwasmini tunaoupanda pwani hii wataalamu huuita Jasminum sambac. Neno hilo la pili linatokana na neno la Kiarabu zanbaq. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Huko Ufilipino asmini ni ua la taifa tangu mwaka 1934, na Wachina huchanganya vikonyo vyake na majani ya chai ili chai inukie. Kwetu sisi hakuna haja ya kueleza kazi yake. Asmini hutungwa makoja, hutiwa katika vikuba pamoja na kilua, mrehani na mkadi, hutandazwa katika chumba cha bibi harusi, na hunukiza nyumba siku ya maulidi.

Mti huu hauvui majani yake yote kwa wakati mmoja. Mwaka mzima utauona na majani ya kijani yanayong'aa. Kwa hiyo mtu asiyeujua huona kwamba hauna msimu, na akikosa maua hulaumu mbolea au hulaumu jicho la watu. Lakini msimu unao. Maua ni mengi wakati wa joto, mvua zinapokuwa zimenyesha, kisha kipupwe kikifika yanapungua sana.

Kipupwe chetu si baridi ya kutisha. Mwezi wa Julai joto la usiku hapa pwani hushuka karibu na nyuzi 18 au 19 za Selisiasi, na mchana hupanda tena. Huko Japani na Uingereza kuna mti mdogo wa maua uitwao kamelia, ndugu wa chai yetu ya Usambara, nao huchanua wakati wa baridi kali. Ungeuleta Bagamoyo usingefurahi, kwani umezoea usiku wa baridi, nasi hatuna. Hali kadhalika kahawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868 walileta miche ya kahawa kutoka kisiwa cha Réunion. Lakini kahawa ya namna ile haikupata makao mema katika joto la pwani. Ilipata makao kule milimani, Kilimanjaro na kwingineko. Kila mti una hewa yake. Hewa ya mwasmini ni hii yetu, na kinachohitajika ni kuusaidia katika miezi mitatu tu ya mwaka.

Kwa nini maua hupungua

Nawaomba wasomaji walishike jambo moja, maana mengine yote yanatoka humo. Ua la asmini huota kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi la zamani, hata likiwa na afya, halitoi maua mengi. Basi pasipo machipukizi hapana maua.

Wakati wa kipupwe mambo matatu huzuia machipukizi. La kwanza ni baridi ya usiku, ambayo huufanya mti ukue polepole. La pili ni mvua, kwani masika yakiisha mwezi wa Mei, mvua hupungua sana mpaka vuli. La tatu ni upepo wa kusi, ambao huvuma siku nyingi mfululizo, hukausha majani, na karibu na ufuko hubeba chumvi ya bahari.

Kama maua yangetakiwa wakati wa joto peke yake, nisingeandika makala haya. Lakini harusi nyingi za kwetu hufanywa baada ya Ramadhani, kuanzia Mfunguo Mosi, na mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wala haufuati jua. Ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Kwa hiyo Mfunguo Mosi huzunguka polepole katika misimu yote. Kuna miaka huangukia wakati wa kaskazi, asmini zikiwa tele. Na kuna miaka huangukia katikati ya kipupwe, asmini zikiwa haba na kila mtu anazitaka. Mwaka 2015 Idi el-Fitri iliangukia katikati ya mwezi wa Julai, na ndio mwaka wa kosa langu.

Kosa langu

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa na bibi yangu mzaa baba katika nyumba iliyo karibu na bahari. Nyuma ya nyumba palikuwa na mwasmini mmoja uliotokana na mwasmini wa mama yake. Shangazi zangu wote walioolewa walivaa koja za mti ule. Shangazi mdogo alikuwa aolewe mwishoni mwa mwezi wa Julai, na bibi alikwisha kuwaambia watu kwamba hatanunua hata ua moja.

Ramadhani ilipoingia nilitazama mti nikaona umekaa kimya, una majani mengi ya zamani wala hauna vikonyo. Nikaingiwa na hofu. Bila ya kumwuliza bibi nikachukua kisu nikaukata, kisha nikaanza kuumwagilia asubuhi na jioni maji ya kisima cha uani, ndoo nne kila mara. Nilidhani kwamba bidii yangu itashinda msimu.

Baada ya majuma mawili yalitokea machipukizi machache. Baada ya juma la tatu kingo za majani zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikaona mti una kiu, nikaongeza maji. Majani yakaanza kuanguka. Siku ya harusi mti ulikuwa vijiti vitupu upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na vikonyo visivyojaza kiganja. Bibi alituma mtu akanunue asmini za watu wengine. Hakunigombeza mbele ya wageni. Usiku watu walipokwisha kutawanyika aliniita, akachota maji ya kisima kwa kata, akaniambia, "Onja, mjukuu wangu." Nikaonja. Yalikuwa na chumvi.

"Maji haya hata mchele sipikii wakati wa kipupwe," akasema. "Wewe umemnywesha nayo mgonjwa. Na ua la kipupwe hutafutwa masika. Wewe umelitafuta lini?"

Sikuwa na jibu.

Chumvi inavyofanya kazi

Baadaye nilipojifunza elimu ya viumbe nilifahamu yaliyotokea. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari. Chini ya mchanga wa pwani maji ya mvua hukaa juu, na maji ya bahari hukaa chini yake. Mvua zikikoma nasi tukaendelea kuteka, tabaka la maji matamu huwa jembamba, na maji ya chumvi hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu mwezi wa Mei chaweza kuwa na chumvi mwezi wa Agosti.

Maji yale yakimwagwa shinani, jua na upepo huyachukua, lakini chumvi hubaki. Kila ndoo huongeza nyingine. Chumvi ikizidi katika udongo, mizizi haiwezi tena kuvuta maji, hata kama udongo umelowa. Wanafunzi waweza kujionea wenyewe. Chukua vipande viwili vya kiazi kibichi, kimoja ukitie katika maji matamu na kingine katika maji yenye chumvi nyingi, uviache mpaka kesho. Cha kwanza kitabaki kigumu, na cha pili kitalegea kwa sababu maji yake yametoka. Mwasmini wangu ulikuwa na kiu huku umesimama katika tope, nami kila nilipouona na kiu niliuongezea sababu ya kiu.

Sasa nitaeleza kazi inavyopasa kufanywa.

Mahali na udongo

Mwasmini wataka jua la nusu ya siku au zaidi, nao wataka kukingwa na kusi. Hapa kwetu mambo hayo mawili hupatikana pamoja upande wa kaskazini wa nyumba. Sisi tuko kusini ya ikweta, na mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini hupata jua wakati wa kipupwe, na nyumba yenyewe huzuia kusi. Panda mti hatua tatu kutoka ukutani, wala usiuweke chini ya mwembe.

Chimba shimo la futi mbili kila upande. Mchanga wetu haushiki maji wala chakula, basi uchanganye na samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, debe moja kwa shimo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Penye mawe ya matumbawe majani huweza kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni dalili kwamba mti haupati madini ya chuma, kwa kuwa chokaa huyazuia. Hapo zidisha samadi na majani yaliyooza, wala usitie majivu, maana majivu huongeza ubaya ule ule.

Kukata kwa hesabu

Hii ndiyo kazi ya masika. Kutoka siku ya kukata mpaka maua kuwa mengi, mimi huhesabu miezi miwili. Anayetaka asmini katikati ya Julai na akate katikati ya Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika na usiku ukiwa bado na joto. Machipukizi yatatoka kabla ya baridi. Kipupwe kikifika kitayakuta yamekwisha kukomaa, na kazi iliyobaki ni kuchanua tu. Mimi mwaka ule nilikata Ramadhani ilipoingia, yaani baada ya katikati ya Juni, na harusi ilikuwa mwishoni mwa Julai. Hata maji yangekuwa matamu, nilikuwa nimekwisha kuchelewa.

Tumia kisu kikali au mkasi. Kwanza ondoa matawi yaliyokauka na yale yanayosuguana. Kisha punguza matawi mengine kwa theluthi moja mpaka nusu, ukikata juu kidogo ya mahali yanapoota majani mawili yanayotazamana, kwani machipukizi hutoka hapo. Usiogope. Mtu anayeuhurumia mwasmini kisu huujaza majani na kuunyima maua. Ukitaka maua yadumu kwa muda mrefu, kata upande mmoja leo, na upande wa pili baada ya majuma matatu.

Maji ya kipupwe

Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Mwenye nyumba ya bati na aweke pipa chini ya mfereji wakati wa masika, alifunike vizuri ili mbu wasizae humo. Asiye na bati na atumie maji ya bomba, au maji aliyooshea mchele au mboga, bali si maji ya sabuni. Maji ya kisima yaonjwe kwanza. Ulimi ukitambua chumvi, usiyamwage shinani.

Maji haba yanatosha kama hayapotei. Bibi alikuwa na mtungi wa udongo uliopasuka shingo. Aliuzika karibu na shina mpaka mdomoni, akaujaza maji kila baada ya siku chache na kuufunika kwa kifuu. Maji huvuja polepole kupitia udongo wa mtungi, na mizizi huyafuata. Juu ya ardhi tandaza majani makavu au makumbi ya nazi yaliyotoka shamba. Angalia usichukue makumbi yaliyofukiwa ufukoni kwa ajili ya kusokota kamba, kwani hayo yamejaa maji ya bahari.

Kama mti umekwisha kulishwa chumvi, acha mara moja. Subiri mvua, au mwagilia maji matamu mengi kwa siku moja ili yaisukume chumvi chini, kisha uuache udongo upumue. Mti wetu uliokolewa na mvua za vuli za mwaka 2015. Ulichipua tena kutoka shinani. Mwaka 2016 Idi iliangukia mwanzoni mwa Julai. Safari hii nilikata mwanzoni mwa Mei, bibi akiwa amekaa kitini kando yangu akinielekeza kwa fimbo, na siku ya Idi tulichuma kibakuli kimoja. Hakikuwa kikubwa, lakini bibi alikipeleka mwenyewe kwa shangazi.

Kuchuma

Ua la asmini hufunguka magharibi na usiku, na kesho yake limekwisha kuchakaa. Kwa hiyo haichumwi asmini iliyofunguka. Alasiri tazama vikonyo vilivyonenepa na kuwa vyeupe kabisa, uviache vilivyo kijani. Vikonyo hutoka vitatu vitatu, na cha katikati hukomaa kwanza, basi chuma kwa mkono mwepesi usivunje ndugu zake. Vitunge kwa sindano na uzi vikiwa vimefumba, uvifunike kwa kitambaa chenye unyevu au jani la mgomba. Vitafunguka jioni juu ya mvaaji, na harufu yote itakuwa yake.

Kuna pia namna ya asmini yenye petali nyingi, iliyojikunja kama waridi dogo. Inapendeza sana, ila hukua polepole na maua yake si mengi. Anayeanza na aanze na ile ya kawaida.

Kuotesha na kugawa

Mwasmini wetu kwa kawaida hauzai mbegu. Umefika hapa kwa kukatwa vijiti na kupandwa, mkono kwa mkono. Kila mwasmini mjini ni kipande cha mwasmini mwingine wa zamani zaidi.

Vijiti vile vile unavyokata mwezi wa Mei usivitupe. Chagua visivyo vichanga wala vigumu sana, vyenye urefu wa inchi sita. Ondoa majani ya chini, vipande katika kopo lenye mchanga wenye unyevu, kopo liwe na matundu chini, likae kivulini. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa ili unyevu usipotee. Baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo vitakuwa na mizizi. Njia ya pili ni kuinamisha tawi la chini, kukwaruza gome lake kidogo, kulifukia na kuliwekea jiwe. Likishika mizizi, likate ulihamishe. Ndivyo bibi alivyofanya usiku ule ule wa harusi, kwa taa ya mkononi. Alifukia matawi mawili yaliyokuwa bado hai, maana hakujua kama mti utaiona vuli.

Bibi alifariki mwaka 2021. Kiwanja kiligawanywa, na mahali pa mwasmini sasa pana msingi wa nyumba. Lakini yale matawi mawili aliyoyafukia alikuwa amekwisha kuyagawa kwa majirani, na mimi nilichukua vijiti kutoka kwa mmoja wao. Mwasmini ulio upande wa kaskazini wa maabara yetu, ambao wanafunzi huupita kila siku wakienda darasani, ndio huo. Ni mti ule ule alioupanda mama yake bibi yangu.

Mwezi wa Mei nitaukata tena. Mwanafunzi au mzazi anayetaka kijiti na aje na kopo lenye matundu, baada ya saa za masomo. Sharti langu ni moja tu, kwamba kikishika mizizi na kukua, naye akate ampe mwenziwe.